Magoti Kumi na Nne

Shemeji yangu hajui kukaa. Mkaribishe kiti, atakaa ukingoni. Mletee chai, ataizungusha nyumba nzima, aiache ipoe juu ya friji, kisha aulize ni nani kamnyima chai. Dada yangu ameishi naye miaka ishirini na sita na anaapa hawajawahi kumaliza mlo mmoja pamoja mezani. Kiguu na njia, ndivyo alivyo. Kitu kimoja tu humtuliza: sakafu tupu, kisu mkononi, naye kapiga magoti. Ndiyo maana mji mzima unamwita Magoti, na ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho hageuki.

Kazi yake ni kutandika mazulia. Si ya sebuleni, la. Ni yale mazulia marefu ya kwenye maonyesho, yanayotandikwa leo, yakanyagwe siku nne, kisha yang'olewe. Mimi ni fundi umeme wa ukumbi wa maonyesho anakotandika yeye. Nyaya zangu hupita chini ya sakafu na kuibuka kwenye vifuniko vya chuma, naye lazima akate tundu kwenye zulia juu ya kila kifuniko. Kwa hiyo tumefanya kazi bega kwa bega miaka ishirini na miwili, tukitukanana kwa utani asubuhi hadi jioni, kama shemeji na shemeji wanavyostahili.

Magoti hapimi kwa tepu. Anatambaa akihesabu. Goti la kushoto, goti la kulia, midomo inachezacheza, na akifika kumi na nne mkono wenyewe unashuka na kukata. Pande tatu tu. Ule wa nne anauacha, kipande anakikunja kama ulimi upande wa kushoto. Chini yake, kifuniko changu kipo palepale. Sijawahi kumkuta amekosea hata kwa upana wa kidole, na nimemchungulia sana nikitafuta cha kumcheka.

Ana falsafa yake pia. "Shemeji," huniambia, "mtu akiingia ukumbini hajui aendako. Mpe zulia, atalifuata." Na kweli wanalifuata. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kuwaona wakilifuata. Milango ikikaribia kufunguliwa, anakusanya visu vyake na kutoka kwa mlango wa nyuma. Anasema hawezi kuvumilia kuona viatu vya watu juu ya kazi yake. Miaka ishirini na miwili ametandika maonyesho ya gemu na hajui gemu inachezwaje.

Maonyesho yenyewe ni ya kimataifa. Kampuni zilikuwa zinatoka nchi za mbali kuja kuonyesha gemu mpya, na ukumbi wetu ulikuwa ukijaa hadi unatafuta pa kuweka mguu. Maonyesho ya nchi nyingine yalikuwa na miezi yao, sisi tuna mwezi wetu, kila mtu na kwake. Mpaka walipokuja wale wakubwa kutoka nje, wakajenga jumba la vioo upande wa pili wa mji, sisi tunapaita Vioo tu, wakatangaza maonyesho yao. Tarehe gani? Zetu! Siku nne zilezile, saa zilezile. Na wakaweka sharti: gemu itakayoonyeshwa Vioo isionekane kwingine mwaka mzima. Ilibidi mtu achague.

Sasa hapo ndipo mpwa wangu anapoingia. Binti wa Magoti, mtoto wake wa pekee, ametengeneza gemu na wenzake wawili. Miaka mitatu wamejifungia chumbani, macho mekundu, dada yangu anawapelekea chakula mlangoni. Wakaomba nafasi kotekote, na kotekote wakakubaliwa. Binti alitaka Vioo. Aliniambia waziwazi: "Mama mdogo, kule ndiko watakakokuwa wanaonunua gemu. Wakiiona, tumepona. Wasipoiona, wenzangu wanaenda kutafuta kazi nyingine, na mimi pia."

Basi Magoti akasimama jikoni na kuhutubia. Ukumbi wetu ndio uliomlea binti, alisema. Mle ndani alilala kwenye mazulia yaliyoviringishwa akiwa mchanga, mle alicheza akirukaruka kutoka kifuniko hadi kifuniko. Mwenye ukumbi, ambaye sote tunamwita Mama Ukumbi, alimpa Magoti kazi wakati hakuna aliyemtaka. "Utaondokaje leo kwa sababu kuna vioo mahali?" Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama sakafu, akasema sawa, baba. Nilikuwepo. Niliona hiyo sawa ilivyomtoka, na sikusema kitu, mimi mwenye mdomo huu.

Baada ya hapo kampuni zikaanza kutukimbia. Ya kwanza iliaga kwa barua ndefu, ya pili kwa barua fupi, ya tatu haikuaga. Akufukuzaye hakwambii toka, na anayekuacha vilevile. Kila habari ilipokuja, Magoti alizidi kuhangaika. Hakulala, hakula. Alifagia karakana iliyokwisha kufagiwa. Alinoa visu vipya. Siku moja dada alimkuta uani anapanga viatu vya familia kwa ukubwa, akamwuliza unafanya nini, akajibu: "Nafanya nini?"

Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Alhamisi. Jumanne asubuhi mimi nilishavuta nyaya, sakafu tupu inamngoja fundi wake, na fundi hayupo. Simu haipokelewi. Alitokea saa nane mchana, anahema, macho hayatulii.

"Ulikuwa wapi, shemeji?"

"Karakana."

"Karakana nimempigia dada, hukuwepo."

"Basi nilikuwa njiani kwenda karakana. Polisi wewe?"

Nilimtazama suruali. Kwenye magoti kulikuwa na nyuzi nyekundu. Zulia letu mwaka huu lilikuwa la buluu, lile la mwaka jana limefuliwa. Nikaziona nyuzi, nikajua kuna jambo, nikarudi kwenye nyaya zangu. Yeye akatambaa, akatandika njia kuu yote ya buluu kabla ya jioni, lakini hakunitania hata mara moja.

Za mwizi arobaini. Za Magoti hazikufika hata mbili. Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye banda la binti, lile la mwisho kabisa kwenye kona, namfungia soketi, simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Grupu la mafundi. Mtu katuma picha ya njia kuu ya Vioo: zulia jekundu, jipya, linang'aa, na katikati yake matundu, matundu, matundu, mpaka mwisho wa ukumbi. Chini ameandika: Panya wa wapi hawa? Mafundi wa mji mzima wanacheka.

Mimi pia nilicheka, nisidanganye. Nilicheka mpaka binti akaja kuangalia. Akaichukua simu, akaivuta picha ikawa kubwa, na uso ukambadilika.

"Mama mdogo. Pande tatu. Na ulimi umekunjwa kushoto."

Kicheko kikanikauka.

"Na huo umbali," akasema polepole, "niliuruka utoto wangu wote. Magoti kumi na nne. Baba alikuwa anafanya nini kule?"

Lo! Hakuna mtu mwingine mjini ambaye angeutambua ule mkono ila sisi wawili. Au watatu, tutafika huko. Magoti wakati huo alikuwa mlangoni akibandika kingo. Binti alimwendea na simu, nami nyuma yake, na nilijua kwamba leo lazima mtu alie.

"Baba, hii kazi ya nani?"

Magoti aliitazama picha. Akatafuta pa kuweka mikono, akakosa. Akaanza kuokota vipande vya utepe vilivyoanguka, kimoja kimoja, na ndivyo alivyotusimulia, anaokota anaongea, hatutazami usoni.

Mtandikaji wa Vioo alikuwa ameteguka mgongo. Wakamtafuta Magoti, kwa kuwa mji mzima hakuna mwenye kasi kama yake. Akawaambia: malipo sitaki, mpeni binti yangu banda karibu na lango. Wakakubali, kwa mdomo tu, mkutano wa dakika mbili. Jumanne alfajiri akaingia kazini. Kule umeme unatoka darini. Hakuna hata kifuniko kimoja sakafuni.

"Nilijua," alisema. "Waliniambia. Lakini nikawa natambaa huku nawaza kona yako hii, nani atapita, nani atafika mpaka huku. Mawazo yalikuwa hapa. Mikono nayo ikadhani iko hapa. Nilifika mwisho ndipo nikageuka nyuma."

Walimfukuza palepale, na habari ya banda ikaishia hapo. Hakukuwa na zulia jingine jekundu, ikabidi baadaye wayafunike matundu kwa utepe.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Mshika mawili moja humponyoka, nilitaka kumwambia, na wewe yamekuponyoka yote mawili, mzee mzima! Lakini binti aliniwahi. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Kwanza ulinizuia kwenda. Kisha ukaenda kunitafutia nafasi ileile, bila kuniuliza. Kama wangenipa, ungeniambia lini? Au ungenibeba kwenye zulia lililoviringishwa kama zamani?"

"Nilitaka kurekebisha, mwanangu."

"Ungeniomba radhi, baba. Ingetosha."

Magoti akainama chini. Neno lile dogo lilimkwama. Akaokota kipande kingine cha utepe. Binti akageuka, akarudi kwenye kona yake, na mimi nilihisi uchungu wa kweli, kwa sababu siku ile ya jikoni ningeweza kusema neno moja tu.

Hatujapoa, Mama Ukumbi huyo anakuja, naye simu mkononi. Ni mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, na akikasirika sauti yake inashuka. Alimwonyesha Magoti picha.

"Haya matundu ni yangu," akasema. "Ukumbi huu nimeujenga mimi na marehemu mume wangu. Vifuniko nilivipanga mimi. Umeenda kuwatobolea adui zangu matundu yangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya mtoto?"

"Ndiyo, mama."

Akaitia simu mfukoni. Nilijua kazi imekwisha. Badala yake akavaa miwani, akageukia ukumbi.

"Unaona nini pale?"

Pale njia kuu ya buluu ilikuwa inakwenda moja kwa moja, nzuri, imenyooka, mbele ya majukwaa matatu makubwa yaliyo tupu. Tulikuwa tumetandika kwa ramani ya zamani, ya wakati kampuni kubwa zilipokuwepo. Wale wadogo kumi na tisa, wavulana na wasichana wenye meza moja na skrini moja, walikuwa wamesukumwa nyuma kule kwenye kona na binti yetu.

"Kesho wageni wakiingia, kitu cha kwanza watakachokiona ni utupu," Mama Ukumbi alisema. "Wataona tumekufa, wataenda Vioo. Nitakutukana wiki ijayo, nimekuwekea. Leo niambie, watu wapite wapi?"

Nilidhani Magoti atashika kisu mara moja, maana ndivyo alivyo, kiherehere mbele. Hakushika. Alitembea mpaka kwenye kona, akasimama mbele ya meza ya binti yake, na mimi nikamfuata kwa sababu umbea ni haki yangu.

"Mwanangu," akasema. "Mama Ukumbi anataka nihamishe njia. Unataka ipite kwako, au nisikuguse?"

Binti aliinua macho kutoka kwenye nyaya zake. Nadhani lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo maishani mwake kutoka kwa baba.

"Isipite kwangu peke yangu," akajibu. "Ipite kwa wote huku nyuma. Na mimi niwe wa mwisho, wafike wakiwa wameshachangamka."

"Sawa," Magoti akasema, sawa ileile ya binti ya siku ile jikoni.

Tulilichana zulia lote. Njia mpya ilianza langoni, ikapinda kushoto mara tu mtu aingiapo, ikazunguka kati ya wale wadogo, huku na huko, mpaka konani. Na kwa kuwa ilikatiza vifuniko mshazari, kumi na nne yake haikufaa kitu. Ilibidi mimi nitangulie na chaki kuonyesha kila kifuniko kilipo, naye afuate na tepu ya kupimia. Alikuwa ameazima tepu yangu! Anaipinda vibaya, inamkata vidole, anailaani. Nilimtania kila hatua. Kila mara midomo ilipoanza kuhesabu, nilimgonga begani: "Angalia kwanza, shemeji." Alinuna, lakini aliangalia. Dada alileta chakula cha mchana kwenye vyombo vya kufunika, na Magoti akala chini pale, amekaa kitako, mpaka akamaliza. Dada alinitazama. Sikuamini mimi pia.

Alhamisi, nusu saa kabla ya milango, akakusanya visu vyake kama kawaida. Nikamwona anakwenda mlango wa nyuma. Akafika, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Nilikuwa na kazi zangu kwenye swichi kubwa, sikuweza kumshika mkono. Milango ikafunguliwa.

Watu hawakuwa wengi. Nisitie chumvi: hawakufika nusu ya miaka ya nyuma. Waliingia kwa kusitasita, wakaona zulia linapinda, nao wakapinda. Haki ya Mungu, wote! Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wakapita kwa wadogo, wakasimama hapa, wakacheka pale, na kufikia saa nne kulikuwa na foleni ya watu kumi na mmoja mbele ya meza ya mpwa wangu. Nilihesabu mara mbili.

Mtu wa kumi alikuwa mwanamke wa kampuni ya nje. Kitambulisho cha shingoni alikuwa amekigeuza nyuma, lakini kamba ilikuwa nyekundu, na nyekundu ni ya Vioo. Alikuwa anachechemea. Nilipomuuliza kama anahitaji kiti akainua kiatu: hakina kisigino. "Kule kuna zulia la ajabu," alisema. "Kisigino kimezama kwenye utepe, kikabaki humo. Nikaona nije hapa nipumzike kidogo."

Na mtu wa kumi na moja, nyuma yake, alikuwa Magoti.

Amevua viatu. Amevishika mkononi, soksi moja imetoboka kidoleni, amesimama juu ya zulia lake mwenyewe. Alisikia habari ya kisigino, akatazama dari. Mimi nilijiuma ulimi hadi machozi yakanitoka. Lakini kilichonishangaza si hicho. Foleni ile ilichukua dakika arobaini, na huyu mtu asiyeweza kukaa amalize chai hakutoka kwenye mstari.

Yule mwanamke alicheza mara mbili. Kisha akaomba kucheza mara ya tatu, akauliza nani katengeneza hii, binti akasema mimi na hawa wawili, wakaongea kwa sauti ya chini, akaandika namba zake kwenye karatasi, akachukua na zao, akasema atawapigia Jumatatu. Akaondoka anachechemea. Wale wenzake wawili wa binti walikumbatiana. Binti aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, kisha akasema, "Anayefuata," na anayefuata alikuwa baba yake.

Magoti akaweka viatu chini. Akapiga magoti.

"Baba, simama," binti akanong'ona. "Hapa watu hucheza wamesimama. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Mimi kazi zangu zote nazifanya hivi." Akainua uso kumtazama. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuchagulia. Mara mbili."

Binti alifunika mdomo kwa mkono. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Nyuma yake watu wengine walikuwa wameshapanga foleni, wakachungulia bila kujua ni nini. Kisha binti akainama, akamshika kiwiko, akamwinua mpaka akasimama wima, akampa kile kidude cha kuchezea chenye vitufe.

"Haya. Cheza. Watu wanangoja."

Kwenye skrini kulikuwa na mtu mdogo anatambaa. Anatandika njia kwenye ukumbi mkubwa, lango liko karibu kufunguliwa, na lazima akate tundu juu ya kila kifuniko kabla umati haujaingia. Magoti alimtazama yule mtu mdogo, akamtambua. Midomo ikaanza kucheza. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, akabonyeza. Kisu kikakata mahali patupu. Lango likafunguka, umati ukampitia juu.

"Kifuniko kiko wapi?" aling'aka. "Kumi na nne hiyo!"

"Humu hakuna kumi na nne, baba. Humu kila ukumbi nimeupanga mimi. Unaangalia kwanza."

Akajaribu tena. Akakanyagwa tena. Mara ya tatu binti akamnyang'anya kidude kwa upole na kumwonyesha watu walio nyuma. Magoti akaokota viatu vyake, akatembea juu ya zulia la buluu hadi mwisho wa foleni, akasimama hapo kungoja zamu yake.